Yasmini na Wenzake: Habari za Miti ya Harufu katika Nyua za Pwani

Husemwa mara nyingi, na kuandikwa pia, ya kwamba watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawakuwa na desturi ya kufanya bustani za maua hata walipokuja Wazungu. Ya kwamba walipanda minazi na mihogo na mtama, yaani vitu vya kushibisha tumbo, wala hawakujali mti usio na chakula. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba neno hili si kweli, tena kueleza kwa nini watu wengi wenye akili wamelisadiki. Bustani zilikuwako, na za tangu zamani. Lakini zilikuwa ndani ya kuta, nazo zilikuwa mikononi mwa wanawake, tena zilipandwa kwa ajili ya pua kuliko macho, na kwa ajili ya usiku kuliko mchana. Mgeni aliyepita njiani saa nne ya asubuhi alikuta mlango umefungwa na maua yamekwisha kuanguka.

Liko na jambo la pili, ambalo lawahusu hasa wale wanaokusanya maneno. Majina ya miti hii yana historia ndefu, na mtu huvutwa kudhani kwamba akijua jina limetoka wapi, basi amekwisha kujua mti umetoka wapi. Tutaona ya kuwa sivyo.

Tuanze na lugha yenyewe, maana ndiyo shahidi wa kwanza. Kitenzi kunuka, kikitumiwa peke yake, maana yake ni kutoa harufu mbaya. Lakini kikigeuzwa kuwa kunukia, maana yake huwa ni kutoa harufu nzuri. Mzoga hunuka, ua hunukia. Na katika shina hilo hilo twapata neno manukato. Tena Mswahili hasemi kwamba ameona harufu, bali husema amesikia harufu, kama mtu asikiavyo sauti. Msemo huu wafaa sana kwa mambo tunayoyaeleza, kwa kuwa jicho huzuiwa na ukuta, lakini sauti hupita juu yake, na harufu vivyo hivyo. Mtu apitaye usiku katika vichochoro vya mji wa mawe aweza kusikia yasmini ya nyumba asiyoijua, wala asiione kamwe.

Tena liko neno ua, ambalo wingi wake ni maua, na liko neno ua, ambalo wingi wake ni nyua, yaani mahali palipozungushwa ukuta au kiambaza, nyuma ya nyumba au katikati yake. Hatusemi kwamba ni neno moja. Ngeli zake ni mbalimbali, wala si haki kuyaunganisha maneno kwa sababu ya kufanana sauti tu. Lakini vitu vyenyewe vilikaa pamoja: maua ya harufu yalipandwa katika nyua.

Miti tunayoitaja hapa ni ile isiyopukutisha majani yote kwa wakati mmoja. Mbuyu huvua majani yake ukasimama mtupu wakati wa kiangazi. Lakini mchungwa, mlangilangi, mkadi na myasmini huwa na majani mabichi mwaka mzima, katika kaskazi na katika kusi. Hili si jambo dogo kwa mwenye nyumba. Ua ni mahali pa kupikia, pa kufulia, pa kusukana nywele na pa kuzungumza jioni, na mti uliopandwa hapo hauna budi kutoa kivuli siku zote. Mti wenye majani siku zote, mdogo usiovunja ukuta kwa mizizi yake, wenye maua ya kunukia wakati watu wamepumzika: huo ndio uliochaguliwa. Basi tukisema kwamba ulichaguliwa, tumekwisha kusema kwamba ilikuwako bustani, maana bustani si kitu kingine ila mimea iliyochaguliwa na kutunzwa.

Ushahidi wa zamani tulio nao kwa maandishi ni wa miti ya jamii ya mchungwa na mlimau. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Mombasa mwaka wa 1331, ametaja malimau na ndizi katika matunda ya kisiwa kile. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwaka wa 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo pamoja na machungwa na malimau mengi na miwa. Na Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16, asema kwamba bustani za Mombasa zilikuwa na machungwa ya namna mbili, matamu na makali. Hata leo Waswahili hawayachanganyi: tamu ni chungwa, kali ni danzi, na miti yake ni mchungwa na mdanzi, tena wako mchenza, mndimu, mlimau, mbalungi na mfurungu, kila mmoja kwa jina lake.

Msomaji aweza kusema: Hayo ni matunda, si maua. Kweli, lakini wenyewe hawakugawanya hivyo. Mti wa jamii hii una ua jeupe lenye harufu inayojaza ua mzima, na jani lake likivunjwa hunukia vilevile. Mwalimu akitaka kuwaonyesha watoto sababu yake, na awape jani la mchungwa walitazame juani: wataona nukta ndogo nyingi zipitishazo mwanga, kama jani lililotobolewa kwa sindano. Nukta hizo ni vifuko vidogo vya mafuta, na mafuta hayo ndiyo harufu. Ayari ya Unguja hawakuhitaji kuambiwa haya. Waliujua mti kwa faida zake zote pamoja, yaani tunda, ua, jani na kivuli.

Habari nzuri juu ya jambo hili twaipata kwa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja. Alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka wa 1844, na baadaye akaolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitolewa kwa Kijerumani mwaka wa 1886. Ndani yake aeleza michungwa mikubwa iliyosimama kwa safu mbele ya mahali pa kuogea pale Mtoni, mirefu kama miti mikubwa ya matunda ya Ulaya, na jinsi watoto wa jumba walivyojificha katika matawi yake kwa kumwogopa mwalimu wao wa kike aliyekuwa mkali sana. Waalimu watakaosoma habari hii watacheka, na pengine watatazama juu ya miti ya shule zao. Lakini sisi twatazama neno jingine: miti ile haikuwa katika shamba la mbali, ilikuwa ndani ya jumba, karibu na maji, kwa safu iliyopangwa. Mahali pa kuogea huwa na maji yanayomwagika kila siku, na maji hayo yaliyanywesha mizizi. Desturi hii ya kupanda mti wa harufu penye maji ya kuoga au ya kufulia yafaa kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo iliyowezesha bustani katika miji ambayo maji yake yote hutekwa visimani.

Na kwa kupima jambo hili tutazame Ulaya kidogo. Mti huu huu wa mchungwa ulipendwa sana na wafalme wa huko, lakini baridi yao huuua. Kwa hiyo Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, alijengewa huko Versailles, kati ya mwaka wa 1684 na 1686, nyumba kubwa ya mawe kwa ajili ya michungwa tu. Miti ilipandwa katika masanduku ya mbao. Wakati wa joto ilitolewa nje ikapangwa kwa safu watu waione, na kabla ya baridi ikarudishwa ndani. Watu walikwenda kuitazama kama dalili ya utajiri wa mfalme. Pwani yetu haikuhitaji masanduku wala nyumba ya mawe. Mti ulikaa mahali pake mwaka mzima, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeutazama kama ajabu. Huenda hii ndiyo sababu moja ya wageni kukosa kuiona bustani iliyokuwa mbele yao: walizoea bustani iliyo kazi ngumu.

Sasa tuje kwa yasmini, bibi wa maua haya yote. Wengine humwita asmini au asumini. Ni kichaka chenye matawi membamba yanayoegemea, na ua lake ni jeupe, dogo, la harufu tamu. Ua hili lina tabia inayoeleza desturi yote: hufumbua jioni na kuanguka asubuhi. Kwa hiyo wanawake huchuma tumba, si ua lililofumbuka. Huzichuma alasiri, wakazitunga kwa uzi zikiwa zimefumba, na usiku zikafumbuka katika nywele zao au juu ya kitanda cha arusi. Huo uzi wa maua huitwa shada. Tena huchanganywa na majani ya rihani, maua ya kilua, langilangi na vipande vya mkadi, yakafungwa kifungu kidogo kiitwacho kikuba, na mwanamke hukibandika kichwani au kifuani. Kazi hii ina ufundi wake, na mabinti huifunza kwa mama na bibi zao.

Mmea huu asili yake ni upande wa Bara Hindi, na aina zinazopandwa majumbani ni shida kuzaa mbegu. Hupandwa kwa kukata tawi na kulitia udongoni, au kwa kuinamisha tawi na kulifukia mpaka litoe mizizi. Hapa twaomba msomaji afikiri kidogo. Mbegu huweza kusafiri kwa bahati: katika gunia la mchele, au tumboni mwa ndege. Lakini kijiti kibichi hakisafiri kwa bahati. Lazima awepo mtu aliyekifunga katika kitambaa chenye maji, akakitunza chomboni siku nyingi za kaskazi, akanyimana maji ya kunywa na kijiti chake, akakipanda alipofika. Kila myasmini ulioko pwani ni mtoto wa kijiti cha namna hiyo, na watu waliokileta hawakukileta kwa tumbo, maana hakiliwi. Walikileta kwa kuwa hawakutaka kukaa katika nyumba isiyo na yasmini. Hakuna hoja kubwa kuliko hii ya kuwajibu wale wasemao kwamba watu wa pwani hawakujali maua.

Tena mmea huu wataka kukatwa. Maua yake hutoka katika machipukizi mapya, na usiokatwa huwa matawi mengi na maua machache. Mwanamke aukataye myasmini wake baada ya maua kwisha hakusoma elimu ya mimea, lakini ajua sheria hiyo sawasawa.

Jina yasmini ni la Kiajemi, likapita katika Kiarabu likafika kwetu. Na jina hilo hilo lilikwenda magharibi likaingia katika lugha za Ulaya. Lakini tumesema kwamba mmea wenyewe ni wa upande wa Bara Hindi. Basi jina halituambii ulikoota kwanza; latuambia ni watu gani walioushika mkononi na kuutaja. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alipouandika mwaka wa 1753, aliupa jina la pili sambac, ambalo ni neno la Kiarabu zanbaq lililopotoka, na Waarabu walilitumia neno hilo kwa mafuta ya yasmini. Na huko Ufilipino ua hili hili huitwa sampaguita, na mwaka wa 1934 lilitangazwa kuwa ua la taifa. Mmea mmoja, bahari moja, majina matatu, na kila jina ni la kweli mahali pake.

Mlangilangi una habari nyingine. Mti huu ni wa ukoo wa mstafeli na mtopetope. Watoka nchi za visiwa vya mashariki, Ufilipino na jirani zake, na jina lake ni la Kitagalogi, ilang-ilang, lililobadilika kidogo kwa ulimi wa Kiswahili. Hapa jina na mti vimesafiri pamoja, jambo ambalo si la kawaida. Ua lake ni la ajabu: halina rangi ya kujionyesha, lina vipande virefu vinavyoning'inia, vya kijani kwanza, ambavyo hugeuka manjano baada ya majuma mawili au matatu; na hapo tu ndipo harufu inapokamilika. Mtu atafutaye ua kwa macho aweza kupita chini ya mti huu asijue kwamba umechanua. Ukiachwa hukua mrefu, lakini wenye kuupanda hukata kilele chake ili matawi yainame na maua yafikiwe kwa mkono. Katika Visiwa vya Ngazija, yaani Komoro, ambako lugha ni ndugu wa Kiswahili, mti huu ulitoka katika nyua ukaingia mashambani, na mafuta yake hupelekwa ng'ambo kwa watengenezaji wa manukato. Maua huchumwa alfajiri, kabla jua halijapunguza harufu.

Kinyume cha haya ni mkadi. Huu ni mti wa pwani yetu wenyewe, mwenye majani marefu yenye miiba ukingoni na mizizi inayoshuka kutoka shinani kama magongo. Hukua karibu na bahari bila kupandwa na mtu. Miti yake ni ya kiume na ya kike mbalimbali, na ule wa kiume ndio utoao ua jeupe lenye harufu kali, ambalo hupasuliwa vipande kwa kutia katika kikuba au baina ya nguo sandukuni. Lakini jina lake, kadi, ni la Kiarabu. Mti ni wetu, jina ni la wageni! Sababu yake si ngumu kuifahamu. Waarabu na Wahindi walikuwa na mti wa jamii hiyo kwao, nao waliuthamini katika biashara ya manukato. Walipoukuta ndugu yake hapa, waliuita kwa jina la soko, na jina la soko likashinda. Basi mtu akiandika kwamba mkadi umeletwa na Waarabu kwa kuwa jina lake ni la Kiarabu, ameandika uongo kwa nia njema.

Wala wataalamu wa Ulaya hawakusalimika na kosa la namna hii. Liko yasmini la mwituni la Afrika, la jamii ambayo Waswahili huita afu. Wareno walichukua mmea mmoja wa jamii hii wakaupeleka Brazili zamani za ukoloni wao, nao ukazoea huko ukaota mwituni. Baadaye mtaalamu Vellozo aliukuta karibu na Rio de Janeiro, akadhani ni wa nchi hiyo, akauita fluminense, maana yake wa Rio. Na mpaka leo mmea wa Afrika waitwa kwa jina la mji wa Marekani ya Kusini katika vitabu vyote vya elimu. Tukumbuke habari hii tunapovutwa kuziamini kamusi kuliko miti.

Mkilua nao tusiusahau. Ni kichaka cha ukoo ule ule wa mstafeli, na ua lake la manjano huthaminiwa Unguja na Mombasa hata washairi hulitumia jina lake kwa kumtaja mwanamke ampendwaye pasipo kumfunua. Kwa hiyo mwalimu asomaye mashairi ya pwani na awe mwangalifu: palipo na kilua, yasmini au langilangi, mara nyingi pana mtu, si mti. Asiyezijua tabia za maua haya hataijua maana ya mshairi. Yasmini hufumbua usiku. Langilangi hukawia kunukia. Mkadi una miiba. Mshairi hakuyachagua ovyo.

Jambo hili lawahusu pia wafasiri na wasomaji wa Biblia. Katika Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, limetajwa ua ambalo kwa Kiebrania ni kofer. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka wa 1611 waliandika jina ambalo wasomaji wao wa baadaye walilichanganya na kafuri; Biblia ya Kiswahili imeandika hina, na hiyo ndiyo sawa. Wengi wetu twaijua hina kwa rangi ya mikono na miguu ya bibi arusi, tukasahau kwamba mhina ni kichaka chenye maua madogo yanayonukia sana, na kwamba mwandishi wa Wimbo alitaja kishada cha maua, si rangi. Msomaji wa pwani ambaye nyumbani mwao mna mhina alifahamu neno hili kabla ya mwanachuo.

Lakini mhadasi uko katika hali nyingine. Biblia ya Kiswahili ya mwaka wa 1952 yautaja katika Isaya na Zekaria, na jina hilo limechukuliwa katika Kiebrania, kwa kuwa mti wenyewe hauko kwetu. Ni kichaka cha nchi za Bahari ya Kati, chenye majani mabichi siku zote na maua meupe ya kunukia. Na jina la Esta la Kiebrania, Hadasa, latokana nao. Mwalimu afanyeje ili wanafunzi waufahamu? Asiseme tu kwamba ni mti wa Wayahudi. Na awaambie kwamba mhadasi una ndugu hapa: mkarafuu ni wa ukoo wake, na mzambarau, na mpera pia. Awape jani la mpera walifikiche na kulinusa. Hawatapata harufu ya mhadasi hasa, lakini watajua ni mti wa namna gani, wala hautakuwa tena neno tupu.

Tumetaja mkarafuu, nao watuleta katika sehemu ya habari hii isiyopendeza. Mkarafuu ni mti wa majani mabichi siku zote, wa harufu kuliko yote, na kama yasmini huchumwa tumba zake kabla hazijafumbuka. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Mfaransa Pierre Poivre aliuleta Mauritius mwaka wa 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Lakini haukukaa uani. Sayyid Said alipoona faida yake aliwaamuru wenye mashamba waupande, na kazi ya kuupanda, kuupalilia na kuuchuma iliwekwa juu ya watumwa. Tufani ya mwaka wa 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini utumwa haukuanguka pamoja nayo.

Wala tusidhani kwamba nyua za majumba makubwa zilikuwa mbali na jambo hili. Maji ya kunywesha michungwa na yasmini hayakuteka yenyewe kisimani. Katika nyumba za matajiri yalitekwa na watumwa, na mara nyingi mikono iliyochuma tumba alasiri siyo iliyovaa shada usiku. Tukisifu bustani hizi, na tuzisifu kwa haki, tusiwasahau waliozinywesha. Majina yao hayakuandikwa. Kazi yao ilinukia.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873. Mmoja wa waliofanya bidii kulifunga alikuwa John Kirk, Mskochi, tabibu na mtaalamu wa mimea, aliyekuja Unguja mwaka wa 1866 na baadaye akawa Konseli Mkuu wa Uingereza. Yeye alikuwa na nyumba na bustani pale Mbweni, akipanda miti ya nchi nyingi, na akibadilishana mimea na bustani ya Kew huko London. Mkadi wetu katika vitabu vya elimu waitwa kwa jina lake, Pandanus kirkii. Karibu na bustani hiyo palikuwa na kijiji na shule ya misheni ya UMCA kwa wasichana waliokombolewa katika utumwa, na baadaye nyumba ya Kirk ilipita katika mikono ya Caroline Thackeray, mkuu wa shule hiyo. Tena mjini ilikuwako bustani ambayo Sultani Barghash aliifanya kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Mwaka wa 1899 Sultani Hamoud aliifungua kwa watu wote, nayo ikaitwa Bustani ya Victoria. Hapo twaona mgeuko mkubwa: ua lililokuwa nyuma ya ukuta lilitoka nje, likawekwa penye njia, mtu yeyote alitazame.

Wengi huanza hesabu ya bustani za pwani hapo. Sisi twasema kwamba hapo ndipo zilipoanza kuonekana tu.

Siku hizi nyua zinapungua. Nyumba hugawanywa, na mahali palipokuwa na mti pamejengwa chumba cha kupanga. Manukato hununuliwa katika chupa. Mashada ya yasmini bado hutungwa na kuuzwa Lamu, Mombasa na Unguja, lakini wazee wajuao kila jina na kila wakati wa kuchuma hawaongezeki. Kamusi hazitatusaidia sana, maana mara nyingi husema tu: jina la mti wenye maua ya harufu nzuri. Kwa maelezo hayo kilua, afu, yasmini na langilangi ni kitu kimoja.

Kwa hiyo twawaomba waalimu na mapadre walio karibu na nyumba za namna hii wakiandika jina la mti wa harufu, wasiishie kwenye jina. Waulize mambo manne. Mti huu hupandwa kwa mbegu, kwa kijiti, au hujiotea? Ua lake hufumbua saa ngapi, na huchumwa saa ngapi? Nani auchumaye, na ua humfikia nani? Na mti uliopo hapa ulitolewa katika ua wa nani? Swali la mwisho ndilo bora, kwa kuwa kijiti cha yasmini hutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine, kwa mkono wa shangazi, wa jirani, wa somo. Na mwenye subira ya kuuliza aweza kuifuata njia hiyo nyumba kwa nyumba, mpaka ufukoni ambapo chombo kiliegeshwa.